Muhogo wa Tarime, Chumvi ya Taifa na Ishara Ndani ya Seli

Ukitamka neno sianidi wilayani Tarime leo, msikilizaji wako atafikiria dhahabu. Atafikiria Nyamongo, mabwawa ya tope la mgodi, mto, mifugo, na mabishano ya miaka mingi kuhusu maji ya kunywa. Ana haki ya kufikiria hivyo. Lakini wilaya hiyo ina historia nyingine ya sianidi, iliyotangulia mgodi mkubwa, ambayo hakuna aliyeiandamania. Sianidi hiyo ilitoka chunguni, ikaingia katika miili ya watu maskini kwa jina la chakula.

Ninaisimulia historia hiyo kwa sababu inatufikisha mahali ambapo wengi wetu, tuliosoma sayansi ya jamii, huwa tunaogopa kufika: ndani ya seli. Tumezoea kusema kwamba umaskini unaua. Ni mara chache tunaeleza unapitia njia gani. Homoni ya tezi ya thairoidi, ile tezi iliyo mbele ya koo ambayo baadhi ya vitabu vyetu huiita dundumio, ni mojawapo ya njia hizo, na historia yake inagusa muhogo, chumvi, saratani na wajibu wa serikali.

Mwaka wa ukame

Mwaka 1985, katika kipindi cha ukame, watu wa sehemu ya wilaya ya Tarime, ambayo wakati huo ilijumuisha pia eneo la wilaya ya Rorya ya leo, walianza kupata ugonjwa wa ghafla. Mtu aliyekuwa mzima alishtukia miguu yake yote miwili imekakamaa. Hakuwa ameanguka, wala fahamu hazikumpotea. Wengine waliweza kutembea kwa ncha za vidole, wakijishikiza kwa fimbo. Wengine hawakuweza kusimama tena. Baada ya siku za mwanzo ulemavu huo haukuongezeka, lakini pia haukupona.

Wataalamu waliofuatilia tukio hilo, William Howlett, Glen Brubaker, Nicholas Mlingi na Hans Rosling, walitambua wagonjwa 39, na mwaka 1990 wakachapisha matokeo yao katika jarida la magonjwa ya mishipa ya fahamu liitwalo Brain. Waliuita ugonjwa huo konzo, jina la Wayaka wa Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa. Daktari Trolli alikuwa ameuandika katika Kongo ya Wabelgiji mwaka 1938. Msumbiji, katika mkoa wa Nampula, mlipuko wa mwaka 1981 ulilemaza watu zaidi ya 1,100, na huko ndiko Rosling, aliyekuja kujulikana duniani kwa mihadhara yake ya takwimu, alikoanza kuuchunguza.

Chanzo kilikuwa muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka. Muhogo wa aina hiyo una kemikali iitwayo linamarini. Mzizi unapokatwa au kupondwa, vimeng'enya vyake huivunja linamarini na kuachia sianidi. Bibi zetu hawakuhitaji maabara kulijua hilo, na ndiyo maana waliloweka, wakavundika, wakaanika, wakasubiri siku kadhaa kabla ya kusaga. Shirika la Afya Duniani linataka unga wa muhogo usizidi miligramu 10 za sianidi kwa kilo moja, na njia za jadi zikifuatwa kwa ukamilifu zinaweza kuushusha unga hadi karibu na kiwango hicho.

Ukame huvunja utaratibu huo kila upande. Maji ya kuloweka hayapatikani. Njaa haisubiri siku za kuvundika. Mmea wenyewe, ukikosa maji, huongeza sumu katika mizizi yake. Kisha mwili, ambao una namna ya kujitetea, hukosa silaha. Mwili huigeuza sianidi kuwa thiosianeti, kitu chenye sumu ndogo zaidi kinachotoka kwa mkojo. Kazi hiyo inahitaji salfa, na salfa hiyo hutoka katika protini za maziwa, maharage, nyama na dagaa. Mara ni mkoa wa ng'ombe na wa ziwa lenye samaki, lakini ukame hukausha maziwa, na dagaa hununuliwa kwa fedha. Tukumbuke pia mwaka wenyewe. Mwaka 1985 taifa lilikuwa katika dhiki kubwa ya uchumi, maduka yalikuwa yamekauka bidhaa, na Mwalimu Nyerere, mwana wa mkoa huohuo wa Mara, alikabidhi madaraka mwezi Novemba. Katika ukame huohuo, familia yenye akiba ilinunua mahindi, na isiyo na akiba ilikula muhogo uliopo, hata kama haujaiva kwa mujibu wa kanuni za bibi.

Molekuli ileile, safari hii shingoni

Konzo si saratani, wala si ugonjwa wa thairoidi. Ninaanza nayo kwa sababu ya kile kilichopatikana kwa wingi katika damu ya wagonjwa wa Tarime: thiosianeti. Molekuli hii, ambayo mwili huitengeneza ili kujiokoa na sianidi, ina tabia ya kuizuia tezi ya thairoidi isipate iodini, madini ambayo Watanzania wengi tunayafahamu kwa jina la madini joto. Mlango ambao iodini hupitia kuingia katika seli za tezi ni protini maalumu, ambayo jeni lake lilitambuliwa mwaka 1996. Thiosianeti hufanana na iodini kiasi cha kuziba mlango huo.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulipatikana jirani yetu, katika kisiwa cha Idjwi ndani ya Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo. Watafiti François Delange na André-Marie Ermans walikuta kwamba kisiwa chote kilikuwa na upungufu wa madini joto unaokaribia kulingana, lakini uvimbe wa shingo, yaani goita au rovu, ulikuwa umeenea zaidi upande wa kaskazini kuliko kusini-magharibi. Tofauti waliyoiona ilikuwa katika ulaji wa muhogo. Mwaka 1971 walichapisha hoja yao: ardhi isiyo na iodini huandaa ugonjwa, na chakula chenye kuzuia iodini huuzidisha. Tangu hapo haikuwezekana tena kuisoma goita kama kasoro ya udongo peke yake. Ilibidi kuuliza watu wanakula nini, na kwa nini hawana kingine cha kula.

Mahitaji yenyewe ni madogo mno. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 150 za iodini kwa siku, na mjamzito takriban 250. Kiasi anachohitaji mtu kwa maisha yake yote ni kama kijiko kimoja cha chai. Kukosa kijiko hicho, kilichogawanywa kwa siku zote za maisha, kunatosha kudumaza akili ya mtoto tumboni na kuivimbisha shingo ya mama yake.

Jinsi homoni ilivyojulikana

Iodini yenyewe iligunduliwa Ufaransa mwaka 1811 na Bernard Courtois, aliyekuwa akichoma mwani ili kupata malighafi ya baruti kwa ajili ya vita vya Napoleon. Mwaka 1820 daktari Coindet wa Geneva alianza kuitumia kutibu goita. Mwaka 1891 George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mwanamke aliyekuwa amelegea na kuvimba mwili kwa kukosa kazi ya thairoidi, akitumia maji ya tezi ya kondoo. Mwanamke huyo aliishi zaidi ya miaka 25 baadaye. Mwaka 1895 Eugen Baumann alikuta iodini ndani ya tezi yenyewe, na siku ya Krismasi ya mwaka 1914 Edward Kendall, nchini Marekani, akapata fuwele za homoni aliyoiita thairoksini. Ili kupata gramu 33 za homoni hiyo alitumia karibu tani 3 za tezi za nguruwe. Mwaka 1952 Jack Gross na Rosalind Pitt-Rivers wakaitambua ndugu yake mwenye nguvu zaidi, yenye atomi 3 za iodini badala ya 4.

Mpangilio wake wa kazi mwilini si mgumu kuuelewa. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hupima kiasi cha homoni ya thairoidi katika damu. Ikipungua, pituitari hutuma homoni nyingine ya kuichochea thairoidi ifanye kazi zaidi. Ikitosha, uchochezi hupunguzwa. Goita ya upungufu wa iodini ni matokeo ya mawasiliano haya kukosa jibu. Pituitari inaamuru, thairoidi haina malighafi, pituitari inaamuru kwa nguvu zaidi, na seli za thairoidi, zikiwa haziwezi kutengeneza homoni ya kutosha, huitikia kwa njia pekee iliyobaki: zinakua na kugawanyika. Hali hiyo inaweza kuendelea kwa miaka 20 au 30 katika shingo ya mwanamke mmoja.

Saratani inaingiaje

Uhusiano wa homoni na saratani ulianza kuandikwa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1896 George Beatson, daktari wa upasuaji wa Glasgow, alieleza jinsi alivyomtibu mwanamke mwenye saratani ya titi iliyokuwa imevuka uwezo wa kisu. Aliondoa ovari zake, na pamoja na hilo akampa vidonge vya tezi ya thairoidi. Uvimbe ulinywea. Historia imezipa ovari sifa ya matokeo hayo, na kwa haki, kwa kuwa saratani nyingi za titi hutegemea homoni za kike. Hata hivyo Beatson alikuwa ameuliza swali ambalo lilisubiri karne nzima: je, homoni ya thairoidi ina neno lolote na seli ya saratani?

Jibu la kwanza lenye uzito lilikuja Desemba 1986. Vikundi viwili vya utafiti, kimoja cha Björn Vennström na kingine cha Ronald Evans, vilichapisha kwa wakati mmoja habari iliyowashangaza wengi. Kulikuwa na kirusi kinachowapa kuku saratani ya damu, na kirusi hicho kilibeba jeni lililofahamika kama erbA. Ilionekana kwamba jeni hilo lilikuwa limeibwa kutoka kwa kuku wenyewe, na kwamba katika seli ya kawaida kazi yake ni kutengeneza kipokezi cha homoni ya thairoidi. Kipokezi hicho hukaa katika kiini cha seli, juu ya DNA. Homoni ikifika na kushikana nacho, jeni fulani huamshwa na nyingine hunyamazishwa, na seli hujua kama inapaswa kukua, kukomaa au kutumia nishati.

Kipokezi kilichobebwa na kirusi kilikuwa kimeharibika. Kiliendelea kukaa juu ya DNA, lakini hakikuweza tena kuisikia homoni. Kikazuia seli changa za damu zisikomae, nazo zikabaki katika utoto wa kudumu, zikizaliana. Mtumishi wa umma anayesoma haya anaweza kuitambua picha hiyo: ofisi haijafungwa, kiti kina mtu, lakini barua zinazoingia hazisomwi na kazi ya idara nzima inasimama. Tangu wakati huo uchunguzi wa saratani za binadamu, zikiwemo za ini, titi na thairoidi yenyewe, umeonyesha mara nyingi kwamba aina moja ya vipokezi hivi, iitwayo beta, hupungua au kuharibika, na kwamba ikiwa nzima hufanya kazi kama breki.

Jibu la pili lilikuja mwaka 2005, kutoka kwa watafiti waliofanya kazi na Paul Davis nchini Marekani. Walionyesha kwamba thairoksini haihitaji kuingia ndani ya kiini ili isikike. Juu ya utando wa seli kuna protini iitwayo integrini, na thairoksini ikishikana nayo hapo, ishara husafiri kutoka protini moja hadi nyingine mpaka kwenye kiini, ikiamuru seli igawanyike na mishipa mipya ya damu ichipue. Integrini ya aina hiyo hupatikana kwa wingi katika seli za saratani na katika mishipa inayozilisha. Katika maabara, seli za uvimbe wa ubongo na za saratani ya titi zimeonekana kuitikia wito huo.

Hapa nawaomba wasomaji wasikimbilie hitimisho. Anayemeza thairoksini kwa agizo la daktari asiache dawa yake. Mgonjwa aliyeondolewa saratani ya thairoidi hupewa thairoksini hiyohiyo ili kuinyamazisha pituitari, isizichochee seli za saratani zilizobaki. Homoni moja inaweza kuwa breki katika kiini, kichocheo juu ya utando, na tiba katika kidonge. Athari yake hutegemea kiasi chake, mahali inapopokelewa na hali ya seli inayoipokea. Atakayeuza dawa sokoni kwa madai kwamba inasafisha homoni zote mbaya anauza uongo.

Mwaka huohuo wa 1986, mwezi Aprili, kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilikuwa kimelipuka na kumwaga iodini yenye mionzi juu ya Ukraine, Belarusi na Urusi. Maelfu ya waliokuwa watoto wakati huo walikuja kupata saratani ya thairoidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kwa kiwango kilekile cha mionzi, hatari ilikuwa takriban mara 3 zaidi katika maeneo yenye upungufu wa iodini. Sababu yake inaeleweka: tezi yenye njaa ya iodini hunyakua iodini yoyote inayopita, iliyo salama na iliyo na mionzi.

Bila mionzi yoyote, goita ya miaka mingi ina hatari yake. Kila seli inapogawanyika inanakili DNA yake, na kila nakala ni nafasi ya kukosea. Katika maeneo yenye upungufu wa iodini, saratani ya thairoidi ya aina ya folikula, ambayo husafiri kwa damu hadi kwenye mifupa na mapafu, huonekana kwa uwiano mkubwa zaidi, na ile kali kuliko zote ya anaplasti pia. Chumvi ya madini joto ilipoenea katika nchi mbalimbali, uwiano uligeuka, na aina ya papila, ambayo kwa kawaida hutibika vizuri, ikachukua nafasi kubwa. Chumvi haikuifuta saratani ya thairoidi. Ilibadili aina ya saratani inayotawala, na kwa mgonjwa tofauti hiyo inaweza kuwa ya uhai na kifo.

Sidai kwamba muhogo wa mwaka 1985 ulizaa saratani Tarime. Ninachodai ni chepesi kuthibitisha: molekuli iliyoambatana na ulemavu wa watu 39 ni ileile inayofunga mlango wa iodini, na mlango huo ukifungwa kwa muda mrefu, seli za shingoni hupokea amri ya kugawanyika bila kikomo. Kati ya ukame na seli kuna njia inayojulikana, na kila hatua ya njia hiyo ina mahali ambapo serikali, mtaalamu au jirani angeweza kuingilia.

Chumvi kama sera

Uswisi ilianza kuweka iodini katika chumvi mwaka 1922, na jimbo la Michigan nchini Marekani mwaka 1924. Tanganyika wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza, na elimu hiyo ilikuwapo katika vitabu vyao, lakini kuvimba shingo kwa watu wa milimani kuliendelea. Tulipata uhuru mwaka 1961. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliundwa kwa sheria mwaka 1973. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 ndipo vidonge vya mafuta yenye iodini vilipoanza kugawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 uwekaji wa madini joto katika chumvi ukaanza kwa nguvu ya kanuni za serikali.

Matokeo yake ni mojawapo ya mafanikio ambayo hatuyasimulii vya kutosha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004, uliohusisha watoto wa shule, ulikuta kwamba goita ilikuwa imeshuka kutoka takriban asilimia 25 katika miaka ya 1980 hadi karibu asilimia 7. Zaidi ya asilimia 80 ya kaya zilikuwa na chumvi yenye madini joto. Hapakuwa na hospitali mpya iliyofanya kazi hiyo, wala mashine ya gharama kubwa. Kazi ilifanywa na kanuni, wakaguzi, wazalishaji wa chumvi, na walimu waliowapanga watoto mstarini ili wapimwe shingo.

Lakini utafiti huohuo ulionyesha jambo ambalo wastani wa taifa huficha. Baadhi ya wilaya zilikuwa bado na upungufu mkubwa, na nyingine zilikuwa na iodini kupita kiasi. Chumvi yetu hutoka katika mashamba makubwa na madogo ya pwani, na katika chemchemi za Uvinza, Kigoma, ambako watu wamechemsha chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Mzalishaji mkubwa ana mashine ya kuchanganya. Mzalishaji mdogo ana koleo na bomba la kunyunyizia, na akikosa iodini au akikosa mkaguzi, chumvi huondoka kama ilivyo. Chumvi hiyo ndiyo hupatikana kwa bei ya chini kabisa, ikiuzwa kwa kipimo cha kopo, na mnunuzi wake ni yuleyule aliyekula muhogo wa haraka mwaka wa ukame.

Tarime na Serengeti leo

Nirudi Mara. Wilaya za Tarime na Serengeti hutajwa kwenye habari kwa mambo yaleyale: dhahabu, wizi wa mifugo, ukeketaji, hifadhi na tembo wanaoingia mashambani. Yote ni mambo mazito na sina nia ya kuyapunguza. Ila naona jinsi yanavyoamua kipi kihesabiwe kuwa siasa. Tembo akivunja shamba la muhogo karibu na Mugumu, ofisa wa wanyamapori hupigiwa simu. Muhogo uliobaki ukisagwa kabla ya wakati kwa sababu ndio pekee uliobaki, hakuna anayepigiwa simu.

Anayebeba mzigo huo ni mwanamke. Yeye ndiye anayemenya, anayeloweka, anayechota maji ya kulowekea, na anayeamua, akiwatazama watoto wenye njaa, kama unga usubiri siku 2 zaidi. Konzo huwapata zaidi wanawake walio katika umri wa kuzaa na watoto. Goita huwapata zaidi wanawake. Saratani ya thairoidi pia huwapata zaidi wanawake, takriban mara 3 ya wanaume. Kuna sababu za kibiolojia katika hesabu hiyo, na kuna sababu za jikoni.

Na uvimbe ukishaonekana shingoni, njia ni ndefu. Kuutambua kama ni goita ya kawaida au saratani kunahitaji picha ya mawimbi ya sauti, sindano ya kuchukua seli, na mtaalamu wa kuzisoma seli hizo kwa hadubini. Mgonjwa wa Mugumu au Sirari anayehitaji matibabu kamili ya saratani huelekezwa Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Nauli, mahali pa kulala na mtu wa kubaki na watoto hupangwa kabla ya daktari hajaonekana. Wengi huahirisha, na kuahirisha huipa saratani ya folikula muda wa kufika kwenye mfupa.

Kwa hiyo nina maneno matatu, kwa watu wa aina tatu wanaosoma ukurasa huu.

Kwa mtumishi wa umma: kipimo cha chumvi ni chupa ndogo ya matone yenye wanga. Ukidondosha tone juu ya chumvi yenye madini joto, inageuka rangi ya samawati iliyokoza. Isiyo nayo hubaki nyeupe. Ofisa afya anaweza kupima chumvi ya soko zima la mnada kwa asubuhi moja. Matokeo yakibandikwa kwenye mbao za matangazo za kata, wananchi watajua wanachonunua. Na katika mipango ya maafa, wilaya inapotabiri ukame, onyo kuhusu uandaaji wa muhogo mchungu liwekwe pamoja na hesabu ya magunia ya mahindi ya msaada. Iko njia rahisi iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia na kutumika pia Tanzania, ya kulowanisha unga wa muhogo, kuutandaza tabaka jembamba na kuuacha kwa saa chache ili sianidi iruke hewani. Haihitaji mtambo wala mto mzima wa maji.

Kwa mwanaharakati: endelea kudai maji safi Nyamongo. Ila ongeza swali la pili katika kila mkutano: je, watu wa kijiji hiki wana protini, wana chumvi salama, na wana mahali pa kupimwa uvimbe kabla haujawa mkubwa? Mwili hautenganishi sumu ya mgodini na sumu ya chunguni kwa kuangalia ni ipi yenye mshitakiwa.

Kwa mwanafunzi: usikubali kuambiwa kwamba seli ni mali ya kitivo kingine. Mlolongo tuliouona unaanza na mvua iliyokosekana, unapita katika bei ya dagaa, uamuzi wa mama, kimeng'enya cha kuigeuza sianidi, mlango wa iodini, amri ya pituitari, hadi DNA inayonakiliwa mara nyingi kuliko ilivyopaswa. Mwanahistoria anayeishia kwenye bei, na mwanabiolojia anayeanzia kwenye mlango wa iodini, kila mmoja ameshika nusu ya ushahidi.

Waliougua mwaka 1985 wakiwa watoto, kama wako hai, leo ni watu wazima wenye miaka 40 na zaidi, umri wangu. Konzo haiponi, kwa hiyo fimbo zao bado ziko mikononi. Sijui ni wangapi kati yao wamewahi kuelezwa, kwa Kiswahili au kwa Kikurya au kwa Kijaluo, kilichowapata. Nadhani wana haki ya maelezo hayo, na mama anayeanika muhogo wake mwaka huu ana haki ya kuyapata kabla ya ukame ujao.